Tairi za gari ya spoti: zipi zinaweza jua la Dar, mvua ya Chalinze na baridi ya Njombe

Gari imetoka bandarini. Rangi inang'aa, turubo inavuta, na ukitazama tairi zote nne zina mifereji mirefu kama mpya. Unajisemea hapa nimepata, mwaka huu sinunui tairi.

Kabla hujafurahi sana, inama usome ubavuni. Ukikuta limeandikwa neno STUDLESS, hizo ni tairi za theluji. Kwa barabara zetu, na kwa gari yenye nguvu kama Subaru Impreza WRX STI au Toyota Altezza, ni vigumu kupata chaguo baya kuliko hilo.

Zinafikaje huku? Magari tunayonunua Japani yanatoka hadi mikoa ya kaskazini kama Hokkaido, ambako theluji hulala barabarani kwa miezi. Mwenye gari kule ana seti mbili, ya joto na ya baridi, anabadilisha kila msimu. Gari ikiuzwa wakati wa baridi inaweza kupanda meli na zilezile za theluji. Muuzaji wa huku anakuambia tairi ziko poa kabisa, na kwa macho ni kweli ziko poa.

Tatizo liko kwenye mpira wenyewe. Tairi ya theluji ina mpira laini, umetengenezwa usikakamae joto likishuka chini ya nyuzi 7. Halafu juu yake kuna vichanjo vyembamba vingi kama vimekatwa kwa wembe, vya kung'ang'ania barafu. Weka mpira huo kwenye lami ya Dar saa 8 mchana. Unalegea, unachezacheza kwenye kona, unalika haraka kama kifutio cha shule, na ukikanyaga breki gari inakwenda mbele zaidi kabla ya kusimama. Na mvua je? Wengi wanadhani vile vichanjo vinasaidia. Vimewekwa kufyonza maji membamba yaliyo juu ya barafu. Kusukuma maji ya masika ni kazi nyingine.

Alama nyingine ya kukutambulisha ni kimchoro cha mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. M+S peke yake haitoshi kukupa jibu, maana tairi nyingi za magari makubwa ya kawaida zinayo. Angalia pia herufi ya mwendo. Tairi nyingi za theluji za Japani zina herufi Q, yaani mwisho kilomita 160 kwa saa, wakati gari yenyewe ilitoka kiwandani na tairi za V au W.

Hali ya hewa yetu ni ipi hasa?

Chukua safari moja tu, Dar mpaka Njombe, kama kilomita 700. Unaondoka na joto na unyevu wa pwani. Kuanzia Chalinze hadi Morogoro, kama ni masika, unaweza kukutana na mvua inayofanya wipa zishindwe. Unapita Mikumi, unashuka bonde la Ruaha Mbuyuni kwenye mibuyu na vitunguu, joto limerudi na lami inachemka. Baada ya hapo Kitonga, kona juu ya kona, malori yanapanda kwa kunyata na mengine yanashuka yakinuka breki. Ukifika Mafinga kuna ukungu na manyunyu, na Njombe mwezi wa saba asubuhi unavaa koti.

Ndani ya siku moja umepita joto kali, maji mengi na baridi. Theluji haimo. Hata Makete, ambako jalidi hutanda kwenye majani, huhitaji tairi ya theluji. Huo ubaridi utazifanya tairi zako ziwe ngumu kidogo kwa kilomita chache za mwanzo, kwa hiyo toka taratibu mpaka zipate moto, basi.

Kwa hiyo unachotafuta ni tairi ya spoti ya joto, ile ambayo imebuniwa kwa lami ya barabara ya kawaida na yenye mifereji mipana ya kutoa maji. Michelin wana Pilot Sport, Bridgestone wana Potenza, Continental wana SportContact, Yokohama wana Advan. Ndani ya majina hayo kuna matoleo mengi, na hapo ndipo vijana wanapigwa. Kuna Advan ya barabarani na kuna Advan A052, ambayo ni karibu na tairi ya uwanja wa mbio. Kundi hilo, semi-sliki, lina mifereji michache na mpira unaonata ajabu ukishapata joto. Lami ikiwa kavu utafurahi sana. Siku maji yakituama barabarani, tairi hiyo haina pa kuyapitisha. Kama gari yako ndiyo ya kwendea kazini, ya harusi na ya kwenda kijijini Krismasi, ziache.

Zipo pia za misimu yote, kama Michelin CrossClimate. Ulaya zina maana kubwa, mtu anaendesha mwaka mzima bila kubadilisha seti. Kwetu unalipia uwezo wa theluji ambao hutautumia.

Namba za ubavuni

Tuseme umesoma 225/45R17 94W. Hiyo 225/45R17 ndiyo saizi ya Impreza WRX STI za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Upana ni milimita 225, kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, rimu ni inchi 17. Namba 94 ni uzito ambao tairi moja inabeba, kilo 670. W ni mwendo, mpaka kilomita 270 kwa saa. V ni 240 na H ni 210. Hakuna anayekutuma ukimbie hivyo. Herufi hiyo inaonyesha pia tairi inavumilia joto kiasi gani, na gari iliyojaa watu na mizigo, mchana wa jua, inapasha tairi sana. Usishuke chini ya kile kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Kuna maneno TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. Kwenye TRACTION, AA ndiyo ya juu, kisha A, B na C. Inapima breki za mwendo wa moja kwa moja kwenye lami na zege vilivyolowa. Haisemi lolote kuhusu kona wala kuhusu maji yaliyotuama, kwa hiyo usidanganyike kwamba AA imemaliza kila kitu. TREADWEAR ni makadirio ya kudumu, na kila kampuni inajipa namba yake yenyewe. Ukiona 200 kwenye tairi ya spoti, ujue ni mpira laini, inashika na inaisha mapema.

Saizi pana zaidi inapendeza kwa macho, sikatai. Lakini tairi pana ina maji mengi zaidi ya kusukuma mbele yake, na kwa kina kilekile cha mfereji inaelea mapema kuliko nyembamba. Ubavu mwembamba nao, kama wa 35, ukigonga shimo moja nyuzi za ndani zinakatika na unaona uvimbe kama jipu. Tairi yenye jipu haizibwi, inatupwa.

Maji, kina na upepo

Hapa ndipo roho za watu zinapopotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Sehemu ya tairi inayogusa barabara ni kama kiganja cha mkono. Viganja vinne ndivyo vinavyoshika gari nzima. Kwenye maji, mifereji inatakiwa iyanyonye na kuyatoa pembeni kabla kiganja hakijainuliwa. Yakizidi, gari inaelea: usukani unakuwa mwepesi ghafla, ukikata kona haisikii, na breki ni kama hamna. Hapo ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, subiri tairi ziguse chini. Ukikanyaga breki kwa hofu au ukikata usukani, tairi zitaporudi kushika zitakurusha upande uliokata.

Miaka ya 1960 watafiti wa NASA, wakishughulika na matairi ya ndege, waliona kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea unategemea sana upepo uliomo. Ukitumia hesabu yao kwa gari, kama makadirio tu, tairi isiyo na mifereji ya kutosha yenye upepo 32 inaelea kwenye kilomita 94 hivi kwa saa. Ikiwa na upepo 24, inaelea kwenye 82. Yaani kuzembea kupima upepo kunakupunguzia zaidi ya kilomita 10 za usalama, na bado unajiona unaendesha mwendo uleule wa siku zote.

Tairi mpya ina kina cha milimita 8 hivi. Ndani ya mifereji kuna vijiti vidogo vya mpira; kashata zikilika mpaka zikalingana navyo, umebakiza milimita 1.6, na nchi nyingi hapo ndio mwisho wa sheria. Lakini kwenye mvua tairi inaanza kukusaliti mapema, kuanzia milimita 3. Mimi kwa gari ya spoti nabadilisha nikifika hapo, hata kama fundi ananicheka kwamba bado inadai. Kipara cha tairi ya Vitz ya kwenda sokoni na kipara cha tairi ya gari ya turubo ni hatari mbili tofauti, kwa sababu mwendo ni tofauti.

Jihadhari zaidi na mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Mafuta na vumbi vya miezi kadhaa vinapanda juu, barabara inakuwa kama sabuni. Hapo hata tairi mpya inateleza.

Swali la upepo na mlima

Watu huuliza, nikipanda Njombe niongeze upepo au nipunguze? Baridi hupunguza upepo, kama 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 zinazoshuka. Toka nyuzi 32 za Dar mpaka 10 za asubuhi ya Njombe, unapoteza kama 4. Lakini Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa ya nje ni nyepesi, na geji yako itaonyesha kama 3 zaidi kwa sababu hiyo. Kwa hiyo vinakaribia kufutana. Pima asubuhi gari ikiwa imelala, weka kiasi cha kwenye kibandiko, umemaliza.

Kosa kubwa ni kusimama sheli katikati ya safari, tairi ni za moto, geji inasoma 37, unaanza kutoa. Upepo ukipanda wakati wa mwendo ni kawaida na kiwanda kimeshalipigia hesabu. Ukitoa hapo, zikipoa una tairi laini, na safari ya kesho inaanza na ile hatari ya kuelea. Kuhusu nitrojeni ya kulipia, hewa ya kawaida tayari ni nitrojeni asilimia 78. Geji yako mwenyewe kwenye dashibodi itakusaidia zaidi.

Nne au mbili?

Subaru inavuta kwa miguu yote minne, kwa hiyo tairi zote ziwe saizi moja, aina moja na zimelika karibu sawa. Subaru wenyewe nchini Marekani wanataka tofauti ya mzunguko kati ya tairi isizidi robo inchi, kama milimita 6. Ukifunga mpya mbili na kuukuu mbili, difu ya katikati inafanya kazi muda wote kana kwamba uko kwenye kona, na siku ikifa utatamani ungenunua nne.

Kwa Altezza, inayovuta nyuma, unaweza kununua mbili. Mpya zikae nyuma. Na hata gari inayovuta mbele, mpya zikae nyuma vilevile, ingawa mafundi wengi watabisha. Mbele ikiteleza gari inakwenda moja kwa moja, na ukipunguza mwendo inarudi. Nyuma ikiteleza kwenye maji, gari inageuka, na madereva wengi hawana mkono wa kuirudisha.

Tairi za mtumba zinajaribu mfuko, najua. Angalau soma tarehe: tarakimu nne mwishoni mwa alama ya DOT, kwa mfano 3521, ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Michelin wanashauri tairi ikaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na isizidi miaka 10 tangu itengenezwe hata kama inaonekana nzima. Bonyeza kwa kucha. Ikiwa ngumu kama plastiki au ina nyufa ndogondogo ubavuni, mrudishie mwenyewe.

Ukishanunua, simama pale fundi anapofunga. Tairi iliyoandikwa OUTSIDE upande huo utazame nje, na yenye mshale wa ROTATION uelekee gari inakokwenda mbele. Ikifungwa kinyume, mifereji inafanya kazi vibaya kwenye mvua. Na usitoke dukani kwenda kujaribu kona. Mpira mpya bado una utelezi wa kiwandani juu yake, kwa hiyo kilomita 200 hivi za mwanzo endesha kistaarabu, hasa kama kumenyesha.