Rangi ya Buluu Katika Njia Panda: Historia Fupi ya Alama Moja

Katika njia panda za miji, hatari kubwa ya mwendesha baiskeli ni gari linalokata kona. Yeye anaendelea moja kwa moja. Dereva anageuka, naye asimwone. Kwa sababu hiyo mji wa Copenhagen, nchini Denmark, ulianza katika miaka ya 1980 kupaka buluu mahali ambapo njia ya baiskeli hukatana na njia ya magari.

Mji wa Portland, katika jimbo la Oregon huko Marekani, uliufuata mfano huo. Kati ya mwaka wa 1997 na 1999 mahali 10 palipakwa buluu, na watafiti wakalinganisha mienendo ya kabla na ya baadaye. Hapo awali madereva 72 kwa mia waliwapisha waendesha baiskeli; baadaye wakafikia 92 kwa mia. Lakini waendesha baiskeli waliogeuza kichwa kutazama magari walipungua kutoka 43 hadi 26 kwa mia. Alama iliyomwamsha dereva ilimtuliza mwenye baiskeli kupita kiasi.

Huko Denmark, uchunguzi wa Søren Underlien Jensen, uliotolewa mwaka wa 2008, ulihusu njia panda 65 zenye taa. Palipopakwa kivuko kimoja, ajali zilipungua kwa 10 kwa mia. Palipopakwa viwili, ziliongezeka kwa 23; palipopakwa vinne, kwa 60. Huenda macho ya dereva, yakivutwa na buluu pande zote, husahau taa nyekundu na gari lililo mbele yake.

Rangi yenyewe nayo ilibadilika. Kwa kuwa nchini Marekani buluu ilikwisha kuwa alama ya maegesho ya walemavu, Portland ilihamia kijani mwaka wa 2008. Serikali kuu iliruhusu kijani mwaka wa 2011, kisha ikakiingiza katika mwongozo wa taifa wa alama za barabarani mnamo Desemba 2023.

Basi historia hii inafundisha kwamba alama za barabarani hufuata kanuni ya maneno: hupata maana kwa kutofautiana na zinazozizunguka. Ikipakwa kila mahali, rangi haisemi tena neno. Na pale isiposikika, anayelipa ni yule asiye na bati la kumkinga.