Kutoka Thabai hadi Piriton: Historia ya Dawa za Mzio

Mnamo Aprili 2024, Kenya iliagiza toleo moja la Benylin ya watoto liondolewe madukani, baada ya mamlaka ya dawa ya Nigeria kutangaza kuwa imekuta ndani yake diethilini glikoli, kemikali yenye sumu ambayo kampuni yenye dawa hiyo ilisema haikuiona katika vipimo vyake. Katika mjadala huo wa sumu ilisahaulika difenihidramini, kiambato halali cha dawa hiyo, ambayo ni miongoni mwa antihistamini kongwe, yaani dawa zinazoizuia histamini, kemikali ambayo mwili huimwaga wakati wa mzio, na ambayo wakazi wa Nyeri, Othaya na Karatina waliijua kwa ngozi kabla ya kuisikia kwa jina.

Thabai, mmea wa misitu ya Mlima Kenya na Aberdare uitwao kitaalamu Urtica massaica, huliwa ndani ya mukimo bila kumdhuru mtu kwa kuwa moto huziua nywele zake. Lakini mbichi humchoma mchumaji na kumwachia vipele vyekundu vinavyowasha. Siri ya mchomo wa jamii hiyo ya mimea ilichunguzwa na Wilhelm Feldberg, mwanafiziolojia aliyefukuzwa kazi Berlin mwaka 1933 kwa sababu ya Uyahudi wake, akapokelewa London na Henry Dale, ambaye tangu 1910 alikuwa ameonyesha, pamoja na Patrick Laidlaw, kwamba histamini hushusha shinikizo la damu na kubana njia za hewa. Feldberg alikwenda Australia, ambako yeye na Charles Kellaway walibaini kuwa sumu ya nyoka na ya nyuki huzifanya tishu za mwili zimwage histamini iliyomo ndani yake, kisha akahamia Cambridge, na mwaka 1947, akiwa na Nils Emmelin wa Sweden, akaonyesha kuwa majimaji ya nywele za thabai ya Ulaya yana histamini na kemikali nyingine iitwayo asetilikolini. Inasikitisha kwamba mmea unaosifiwa sana mezani Nyeri ulielezwa kupitia binamu yake wa Uingereza.

Kufikia wakati huo dawa za kuizuia histamini zilikuwa zimekwisha kupatikana. Daniel Bovet na Anne-Marie Staub walipata ya kwanza mjini Paris mwaka 1937, nayo ikawa na sumu mno kwa binadamu. Bernard Halpern akaleta iliyofaa mwaka 1942. George Rieveschl wa Cincinnati akatengeneza difenihidramini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1946. Bovet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1957.

Dawa hizi haziiharibu histamini, bali hukalia vipokezi vyake, yaani sehemu za seli inakojishikiza, ikabaki bila pa kutua. Zile za kizazi cha kwanza, ikiwemo klorofeniramini ambayo Wakenya wengi huiita Piriton, hupenya hadi kwenye ubongo, ambako histamini ndiyo huwaweka watu macho, na hapo ndipo usingizi huanzia. Terfenadini, antihistamini ya kizazi kilichofuata, iliyosifiwa kwa kutolaza watu, iliondolewa Marekani miaka ya 1990 kwa kuvuruga mapigo ya moyo; loratadini na setirizini zikashika nafasi yake. Hata hivyo Piriton ingali ikiuzwa kwa vidonge vichache ndani ya bahasha ndogo iliyoandikwa 1x3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, na mwendesha bodaboda anayeinunua hapati karatasi yoyote ya kumwonya asiendeshe akiwa na usingizi.