Sindano ya Testosteroni na Swali la Watoto: Hoja kutoka Zagayu

Katika kata ya Zagayu, wilayani Itilima, mkoani Simiyu kaskazini mwa Tanzania, nguvu za kiume na uwezo wa kuzalisha huchukuliwa kama jambo moja, kama ilivyo kwingi nchini. Mume aliyeishiwa hamu ya tendo la ndoa na mume ambaye mkewe hashiki mimba huenda kutafuta dawa ileile. Makala haya yanadai kwamba, kwa upande wa testosteroni, kuchanganya huko ni hatari kubwa kuliko madhara mengine yote ya tiba hii: sindano inayomrudishia mwanaume hamu yaweza kumnyima mtoto anayemtaka.

Sababu yake imo katika namna mwili unavyojiendesha. Tezi ya pituitari, chini ya ubongo, hutoa homoni mbili: moja huziagiza korodani zitengeneze testosteroni, nyingine husaidia kukuza mbegu. Mbegu hukomaa pale tu testosteroni ndani ya korodani inapokuwa nyingi mara kadhaa kuliko iliyo kwenye damu. Homoni ikiletwa kutoka nje, kwa sindano au kwa jeli ya kupaka, pituitari huona damu imetosheka, nayo huacha kutoa agizo. Damu inakuwa na testosteroni ya kutosha, lakini korodani zinakauka, zinasinyaa, na mbegu zinapungua, mara nyingi hadi kuisha. Nguvu ya athari hii iliwafanya watafiti kuifikiria testosteroni kama njia ya uzazi wa mpango. Katika jaribio la Shirika la Afya Duniani lililochapishwa mwaka 1990, wanaume 271 wenye afya walichomwa miligramu 200 kila wiki. 157 kati yao walifikia hatua ya kutokuwa na mbegu hata moja. Wengi hupona wakiacha, lakini kupona huko huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Kwa kijana aliyekwisha kutoa ng'ombe wa mahari na anayeulizwa na ukoo mzima kuhusu mtoto, huo ni muda mrefu mno.

Wapo wanaoihitaji tiba hii kwa haki kabisa. Mwanaume ambaye korodani zake ziliharibiwa na matubwitubwi au na ajali, aliyezaliwa na kromosomu X ya ziada, au mwenye uvimbe kwenye pituitari, hukosa homoni ambayo mwili hauwezi kuitengeneza tena. Bila hiyo mifupa hudhoofika, damu hupungua, ndevu hupotea. Kumnyima tiba mtu huyo kwa kisingizio cha uzee au cha kurogwa ni dhuluma.

Shida ni kumtambua. Miongozo ya kitabibu hutaka dalili zilizo wazi pamoja na vipimo viwili vya damu, vyote vya asubuhi, maana testosteroni hupanda alfajiri na kushuka kadiri jua linavyosogea. Madaktari wa mkojo wa Marekani huweka mpaka kwenye nanogramu 300 kwa desilita. Sasa mfikirie mkulima wa pamba anayeondoka Zagayu usiku, hajalala vizuri, ana mabaki ya malaria, anafika mjini kwa bodaboda, anapanga foleni na kutolewa damu saa nane mchana. Usingizi mbaya, homa na saa yenyewe, kila kimoja hushusha kiwango. Karatasi itasema "chini", na itakuwa imepima safari yake.

Hata mpaka wenyewe unahitaji kutazamwa upya. Mwaka 2002 mwanaanthropolojia Peter Ellison na wenzake walilinganisha testosteroni kwenye mate ya wanaume wa Marekani, Nepali, Paraguai na Walese wa Ituri, Kongo. Tofauti kubwa ilikuwa miongoni mwa vijana. Kwa wenye umri mkubwa ilikaribia kutoweka. Mfano wa karibu zaidi na Simiyu ni utafiti wa Martin Muller, Frank Marlowe, Revocatus Bugumba na Ellison, uliochapishwa mwaka 2009, kuhusu Wahadzabe na Wadatoga wa kaskazini mwa Tanzania. Miongoni mwa Wahadzabe, ambao akina baba hushinda na watoto wao, wenye watoto walikuwa na testosteroni ndogo kuliko wasio nao. Kwa Wadatoga, ambao baba hukaa mbali zaidi na malezi ya wachanga, tofauti hiyo haikuonekana. Baba wa Kihadzabe si mgonjwa. Homoni yake imefuata maisha yake, na daktari anayesoma namba peke yake angeweza kumwandikia dawa kwa kosa la kulea.

Kuhusu moyo, hofu ya zamani kwamba tiba hii huudhuru imepungua. Jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka 2023, lenye wanaume zaidi ya 5,000, halikuonyesha ongezeko la shambulio la moyo wala kiharusi. Lakini lilionyesha ongezeko la mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na la damu kuganda mapafuni. Damu yenyewe huwa nzito, hivyo anayetumia lazima apimwe wingi wa chembe nyekundu mara kwa mara. Asiyeweza kurudi kupimwa hafai kuanzishiwa.

Kwa hiyo kazi kubwa inaweza kufanyika Zagayu kwenyewe, kabla ya homoni yoyote kupimwa. Mganga apime sukari na shinikizo la damu, kwa kuwa kisukari huharibu mishipa inayosimamisha uume. Aulize dawa anazotumia mgonjwa, pombe na msongo wa mawazo. Apime mkojo kutafuta kichocho, ugonjwa uliozoeleka kanda ya Ziwa, ambao mayai yake hukaa pia kwenye vifuko vya manii na tezi dume, na ambao prazikwanteli huutibu. Azishike korodani aone ukubwa wake. Na kabla ya kuandika rufaa ya kwenda Bariadi au hospitali ya Bugando jijini Mwanza, amuulize mume, mkewe akiwepo kama wote wawili wanaridhia, iwapo bado wanataka kuzaa, na jibu hilo aliandike juu kabisa ya karatasi. Jibu likiwa ndiyo, testosteroni isiguswe. Kama kasoro iko kwenye pituitari, zipo sindano nyingine zinazoziamsha korodani zenyewe zitengeneze homoni na mbegu kwa pamoja.