Nalanda na Majirani Zake: Njia za Hija kama Chanzo cha Historia ya Kituo cha Elimu ya Kibuddha

Historia ya Nalanda, kituo cha elimu ya Kibuddha kilichostawi kuanzia karne ya 5 BK katika jimbo la Bihar la leo, mashariki mwa India, kwa kawaida husimuliwa kama historia ya jengo moja: lilijengwa, likajaa wanafunzi, likachomwa moto. Masimulizi ya namna hiyo yana upungufu wa kimbinu. Yanakitenga kituo hicho na milima, chemchemi, mahekalu na vijiji vilivyokizunguka, ilhali mashahidi wake wakuu walikuwa wageni waliokuwa wakizuru maeneo hayo yote kwa pamoja. Makala haya yanadai kwamba njia ya hija ni ya kuchunguzwa kwa makini yaleyale wanayopewa matofali na hati.

Xuanzang, mtawa wa China aliyefika katika karne ya 7, hakuieleza Nalanda peke yake. Aliiweka umbali wa li 30 kaskazini ya Rajagriha, mji unaoitwa sasa Rajgir, ambako alizuru Kilele cha Tumbusi, mahali panapoaminika kuwa Buddha alihubiri. Yijing, aliyeishi Nalanda takriban miaka kumi baadaye katika karne hiyohiyo, anataja mabwawa makubwa zaidi ya kumi karibu na makazi ya watawa, na kengele iliyopigwa asubuhi kuwaita waoge. Idadi ya watawa haiafikiani katika vyanzo: wasifu wa Xuanzang unataja 10,000, Yijing zaidi ya 3,000. Idadi ya Yijing inaelekea zaidi kuaminika, kwani ni ya mkazi aliyejishughulisha na mambo madogo ya kila siku, wakati wasifu ule uliandikwa na wanafunzi wenye nia ya kumtukuza mwalimu wao.

Uhusiano na majirani ulikuwa pia wa kiuchumi. Bamba la shaba la mfalme Devapala, la karne ya 9, linaeleza jinsi alivyotoa mapato ya vijiji vitano kwa ombi la Balaputradeva, mtawala wa Suvarnadvipa ng'ambo ya bahari, aliyejenga nyumba ya watawa Nalanda. Vijiji vinne vilikuwa katika eneo la Rajagriha na kimoja katika eneo la Gaya. Mapato hayo yalikusudiwa, pamoja na mengine, kunakili vitabu. Mkulima wa Rajagriha, ambaye yumkini hakusoma hata ukurasa mmoja, alikuwa sehemu ya maktaba ile.

Kituo kilipoanguka, jina lake lilipotea kabla ya matofali yake. Katika karne ya 19, Wabrahmani wa kijiji cha Baragaon waliyaeleza magofu kuwa ni ya Kundilpur, mji wa Rukmini, mke wa Krishna. Alexander Cunningham aliyatambua kuwa ni Nalanda mnamo 1861-62 kwa kufuata maelekezo ya mahujaji wa China, akiungwa mkono na maandishi yaliyopatikana hapo yenye jina hilo. Uchimbaji wa kitaalamu ulianza mwaka 1915. Kwa maneno mengine, akiolojia ilitanguliwa na simulizi za safari.

Suala la kuangamizwa linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa bado linachochea uhasama wa kidini. Minhaj-i-Siraj, mwanahistoria wa karne ya 13, anasimulia jinsi Bakhtiyar Khalji alivyovamia ngome iliyogundulika baadaye kuwa mahali pa elimu. Lakini hakuitaja Nalanda, na wanahistoria wengi huihusisha habari hiyo na Odantapuri, katika mji wa sasa wa Bihar Sharif. Dharmasvamin, mtawa wa Tibeti, alipofika Nalanda katika miaka ya 1230 aliyakuta majengo yameharibiwa, na mzee Rahula Shribhadra, mwenye umri wa zaidi ya miaka 90, angali akifundisha wanafunzi wapatao 70. Askari walipokaribia, mgeni huyo alimbeba mwalimu mgongoni hadi mafichoni. Ushahidi huu haufuti ukatili uliofanyika; unaonesha kwamba usiku mmoja wa moto hautoshi kueleza mwisho wa Nalanda.

Bihar Sharif hiyohiyo ina kaburi la Sharafuddin Maneri, Sufi aliyefariki mwaka 1381, ambaye kabla ya hapo aliishi kwa miaka katika misitu ya Rajgir. Chemchemi anayohusishwa nayo huko huitwa Makhdum Kund, na iko jirani na chemchemi za maji moto wanakooga Wahindu, chini ya vilima vyenye mahekalu ya Wajaini. Neno la Kiswahili "ziara", linalobeba maana ya matembezi na ya kuzuru kaburi la walii, linaifaa hali hii vizuri. Pawapuri, anakoaminika kufariki Mahavira, nako hufikiwa kwa mwendo mfupi wa gari.

Eneo la Nalanda lililoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2016 lina hekta 23 tu. Rajgir haimo, wala hekalu la Jua la Baragaon, ambalo bwawa lake hujaa waumini wakati wa sikukuu ya Chhath. Karibu na magofu kuna sanamu kubwa ya jiwe jeusi ya Buddha aliyeketi. Wanakijiji humwita Telia Baba, Mzee wa Mafuta, na humpaka mafuta ya haradali wakiwaombea watoto wao afya.