Kutoka Msimu hadi Ukoo: Asili na Kuenea kwa Jina Wafula katika Kitale na Bungoma

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili imekuwa ada kulichukua jina la mhusika kuwa ni dalili ya tabia au hatima yake. Mbinu hiyo, ambayo wahakiki huiita majazi, ina manufaa makubwa pale ambapo mtunzi ndiye aliyelibuni jina. Lakini magharibi mwa Kenya, na hasa katika eneo la Bungoma na Kitale, majina mengi yanayoonekana kusema jambo bayana yamepitia historia ndefu kabla ya kumfikia mtunzi. Msomaji ayaelewaye maneno yaliyomo ndani ya jina, na asiijue historia hiyo, anaweza kutoa maana ambayo jina lenyewe limekwisha kuiacha.

Makala haya yanakusudia kulichunguza jina moja, Wafula, pamoja na majina ya jamii yake: Wekesa, Simiyu, Wanjala, Wasike, Wamalwa na mengineyo. Hoja inayotetewa ni kwamba jina hili halikuwa la ukoo hapo mwanzo, na kwamba lilifanywa kuwa la ukoo na kodi, kipande, daftari la ubatizo na daftari la shule katika muda usiozidi vizazi vitatu. Kadhalika, makala yatajaribu kuonyesha kuwa mageuzi hayo yameficha mambo mawili yaliyokuwa wazi zamani: ukoo halisi wa mtu, na msimu wa kuzaliwa kwake.

Asili ya jina

Kwa Kibukusu, mvua huitwa efula. Mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua aliitwa Wafula, na wa kike Nafula. Viambishi Wa- na Na- ndivyo vinavyotenga jinsia, na mpango huo unajirudia katika majina mengi. Aliyezaliwa wakati wa mavuno ni Wekesa au Nekesa, kutokana na kitenzi khukesa, yaani kuvuna. Aliyezaliwa wakati wa njaa, enjala, ni Wanjala au Nanjala. Wakati wa nzige, Wasike au Nasike. Pombe ilipokuwa ikinywewa, Wamalwa au Namalwa. Mtoto ambaye mamaye alishikwa na uchungu njiani ni Wangila au Nangila. Simiyu, jina la kiangazi, limekwenda mbali kidogo na mpango huo, kwa kuwa la kiume halina kiambishi cha Wa- ilhali la kike, Nasimiyu, linacho cha Na-.

Mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kudhani kwamba majina haya ni ya kigeni kwake. Sivyo. Efula na mvua ni neno moja kwa asili, kama ilivyo enjala na njaa, na engila na njia. Tofauti iliyo dhahiri kuliko nyingine ni sauti l, ambayo Kiswahili kiliidondosha baina ya irabu na Kibukusu kikaihifadhi. Kwa hiyo Wafula ni "wa mvua" kwa maana iliyo karibu mno na masikio ya Mswahili, na Wanjala ni "wa njaa".

Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba msimu haukuwa njia pekee ya kumpa mtoto jina. Pacha wa kwanza alikuwa Mukhwana, wa pili Mulongo, na mtoto aliyewafuata Khisa. Juu ya hayo yote palikuwapo desturi ya kurithisha majina ya wahenga. Mtoto aliyelia bila kunyamaza alitajiwa majina ya jamaa waliokufa, na lile lililomtuliza ndilo alilobaki nalo. Kwa njia hii Wafula angeweza kuzaliwa katikati ya kiangazi, maadamu babu yake alikuwa Wafula. Basi tangu zamani jina lilikuwa na mizizi miwili: wa kwanza katika anga, wa pili kaburini. Mhakiki anayeushika wa kwanza tu huwa amelisoma nusu ya jina.

Jambo jingine la kuangaliwa ni zao. Mavuno yaliyompa Wekesa wa kale jina lake yalikuwa ya wimbi na mtama. Mahindi ya nyanda za juu huchukua muda mrefu zaidi kukomaa, na katika Trans Nzoia hupandwa mwezi wa Machi au Aprili yakavunwa kati ya Oktoba na Desemba. Baada ya kituo cha utafiti cha Kitale kutoa mbegu chotara ya H611 mwaka 1964, zao hilo lilitawala mashamba makubwa na madogo pia. Jina Wekesa lilibaki lilivyo, lakini mavuno linayoyataja yalihama katika kalenda.

Ukoo usiotajwa

Katika Kiswahili cha ofisini, jina la mwisho la mtu huitwa "jina la ukoo". Istilahi hii inapotumiwa kwa Wabukusu huleta utata mkubwa. Ukoo wa Kibukusu una jina lake, nalo aghalabu huanza kwa kiambishi Ba-, kama Baengele au Bakokho. Jina hilo ndilo linaloamua nani amwoe nani, kwani mtu haruhusiwi kuoa katika ukoo wa baba yake wala wa mama yake. Lakini katika vyeti vya serikali jina hilo halimo kabisa.

Matokeo yake ni kinyume cha matarajio ya mgeni. Wafula wawili, mmoja wa Kimilili na mwingine wa Kiminini, wanaweza kuwa hawana udugu wowote, na watoto wao wakaoana bila kizuizi. Kwa upande mwingine, Wafula na Wanjala wanaweza kuwa watu wa ukoo mmoja ambao ndoa baina yao ni mwiko. Ndiyo sababu wazee, wanapoletewa habari za posa, hawatosheki na majina yaliyomo katika kitambulisho. Huuliza: huyu ni wa kina nani? Swali hilo ni ushahidi kwamba kinachoitwa jina la ukoo hakiutaji ukoo.

Kipande, shamba na daftari

Ilikuwaje, basi, jina la msimu likashika nafasi hiyo? Jibu linapatikana katika historia ya utawala. Baada ya vita vya Chetambe mwaka 1895, nchi ya Wabukusu iliingizwa chini ya mamlaka ya Waingereza hatua kwa hatua. Kodi ya kibanda ilihitaji orodha ya wenye vibanda. Misheni nazo, zikiwamo ile ya Marafiki iliyoanza Kaimosi mwaka 1902 na ile ya Mill Hill ya Mumias, zilileta madaftari ya ubatizo, ambamo kila Yohana ilibidi atengwe na Yohana mwenzake.

Lakini hapana shaka kwamba kipande ndicho kilichofanya kazi kubwa zaidi. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, na utekelezaji wake ukashika kasi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati uleule ambapo ardhi ya Trans Nzoia ilikuwa ikigawiwa walowezi, wakiwamo askari waliotoka vitani. Mwaka 1926 reli ilifika Kitale. Wabukusu wengi waliingia katika mashamba hayo wakiwa vibarua na maskwota, na kila mwanamume mzima alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake na habari za ajira yake. Karani hakuwa na haja ya kujua mvua ya mwaka gani. Alihitaji jina la mtu na jina la baba yake, nayo yasibadilike kutoka shamba moja hadi jingine.

Hapo ndipo jina lilipoganda. Kijana aliyeitwa Simiyu, mwana wa Wafula, aliandikwa Simiyu Wafula. Mwanawe alipopelekwa shule aliandikwa kwa jina la ubatizo, na mwalimu akamfungia Wafula wa babu yake mwishoni, ingawa mtoto huyo mwenyewe huenda alizaliwa wakati wa mavuno. Mfano unaojulikana na wengi ni wa jamaa ya Wamalwa wa Kitale. Michael Kijana Wamalwa, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufa mwaka 2003 akiwa Makamu wa Rais, pamoja na ndugu yake Eugene Wamalwa, wote wawili wanalibeba jina la baba yao, William Wamalwa. Pombe iliyompa baba jina ilikwisha kunywewa zamani. Kilichorithiwa na wanawe ni jina tupu.

Mabadiliko haya si ya magharibi mwa Kenya peke yake. Hispania nayo ilikuwa na majina ya aina hii. Fernández maana yake ni mwana wa Fernando, na Domínguez ni mwana wa Domingo, jina linalotokana na siku ya Jumapili, kama Juma wa Kiswahili anavyotokana na Ijumaa. Katika Zama za Kati majina hayo yalibadilika kwa kila kizazi. Baadaye yakaganda, na leo Domínguez anaweza asiwe na Domingo yeyote anayemjua. Katika visiwa vya Ufilipino mambo yalikwenda kwa amri. Mwaka 1849 Gavana Narciso Clavería aliagiza watu wapewe majina ya ukoo kutoka katika orodha iliyopangwa kialfabeti, ili kodi na hesabu ya watu virahisike. Kitale na Bungoma hapakuletwa orodha ya aina hiyo. Ililetwa fomu yenye nafasi tupu, na watu wakaijaza kwa majina waliyokuwa nayo. Kwa hiyo majina yalibaki ya Kibukusu, ila kazi yake ikawa ya serikali.

Utawala huohuo uliongeza pia jina jipya katika hazina ya zamani. Barasa, jina lililoenea sana Bungoma, huelezwa kuwa la mtoto aliyezaliwa siku ya baraza. Neno hilo la Kiswahili liliingia Kibukusu likabadili z kuwa s, kwa kufuata sauti za lugha iliyolipokea. Mkutano wa chifu ulipata hivyo nafasi kando ya mvua, njaa na nzige kama tukio la kukumbukwa.

Nafula na kuenea kwa jina

Wanawake waliingia katika mkondo huu kwa kuchelewa. Sheria ya vitambulisho iliwahusu wanaume kwa miongo mingi, hadi ilipobadilishwa mwaka 1978 ikawataka wanawake nao wajiandikishe. Ndiyo kusema jina Nafula liliendelea kuwa jina la mvua kwa muda mrefu zaidi kuliko Wafula. Lakini mwanamke aliyeandikishwa kwa jina la baba au la mume sasa huitwa Wafula, na kiambishi kilichomtambulisha kuwa mwanamke hupotea katika jina lake la mwisho. Baadhi ya wasomi wameyaweka majina yote mawili pamoja, kama alivyofanya mwanatheolojia Anne Nasimiyu-Wasike, ambaye katika jina lake moja kiangazi cha kike kimekutana na nzige wa kiume.

Kuenea kwa Wafula kumefuata barabara na mashamba. Jina hili lapatikana pia kwa Wasamia wa Busia na kwa jamaa za mashariki mwa Uganda. Ndani ya Kenya lilivuka kutoka Bungoma hadi Trans Nzoia pamoja na vibarua, na baada ya uhuru pamoja na wanunuzi wa ardhi katika miradi ya makazi. Wafula Chebukati, mzaliwa wa Trans Nzoia, aliyesimamia uchaguzi mkuu wa 2017 na wa 2022 na kufariki mwaka 2025, alilifanya jina hili litajwe katika kila nyumba yenye redio. Yafaa kuangaliwa kwamba kwake Wafula halikuwa la mwisho. Linakaa mbele ya jina jingine, kama lilivyokaa zamani.

Kuenea huko kuna upande wa uchungu. Katika mapigano ya kikabila yaliyozuka Trans Nzoia na Mlima Elgon miaka ya 1991 na 1992, watu walifukuzwa katika mashamba yao kwa sababu ya kabila lao. Katika nyakati kama hizo jina humtangulia mwenyewe. Wafula ambaye babu yake alifika Trans Nzoia kabla ya reli huhesabiwa mgeni kwa herufi sita tu. Jina lililokuwa likisema "mvua ilikuwa ikinyesha" hulazimishwa kusema "huyu si wa hapa".

Hitimisho

Mambo haya yana uzito kwa mhakiki. Chris Wanjala, mhakiki aliyezaliwa mwaka 1944, alikipa kitabu chake cha mwaka 1978 anwani ya The Season of Harvest. Ni rahisi kuikuta njaa ya jina na mavuno ya kitabu, na kujenga hoja juu ya makutano hayo. Ni vigumu zaidi, na ni halali zaidi, kuuliza kwanza kama njaa hiyo ilikuwa yake au ya mhenga wake. Ken Walibora naye, aliyezaliwa Waliaula akafahamika kwa wasomaji kwa jina alilojichagulia, alimpa mhusika mkuu wa Siku Njema (1996) jina la Kongowea Mswahili, kisha akamwongoza hadi Kitale katika kumtafuta baba. Ni jambo la maana kwamba safari ya mtu asiyemjua babaye inaishia katika nchi ambayo jina la baba lilipata nguvu zake kutokana na karatasi ya shamba.

Kwa hivyo majazi ya Kibukusu hayana budi kusomwa kwa maswali mawili. Nani alilitoa jina hili, mzazi au karani? Na je, mvua inayotajwa ilinyesha juu ya mhusika mwenyewe, au juu ya babu yake? Mtunzi anayemwita mhusika Nafula bado anaweza kumletea mvua. Anayemwita Bi. Wafula amemletea, pamoja na mvua, kodi, kipande, daftari na mume.