Mteremko wa Meru na Betri Iliyolala

Arusha imekaa kwenye mguu wa Mlima Meru. Ukishuka kutoka Ilboru au Sekei hadi mjini, kisha ukaendelea kuelekea Unga Limited, ardhi inainama karibu njia nzima, na kwa miongo mingi dereva mwenye betri mbovu aliihesabu ardhi hiyo kuwa sehemu ya gari lake. Jioni aliegesha pua ikitazama bondeni, akaweka jiwe chini ya tairi, akaenda kulala. Asubuhi jiwe liliondolewa, gari likashuka lenyewe, gia ya pili ikaingia, klachi ikaachiwa ghafla, injini ikanguruma. Siku hizi madukani kuna kiboksi kinachoingia mfuko wa koti, wauzaji wanakiita jampu stata, nacho kinafanya kazi iliyokuwa ya mteremko. Wengi husema kimepata soko kwa sababu watu wameacha kusaidiana. Maelezo hayo yanakubalika sana, lakini ushahidi wa magari yenyewe unayakataa. Gari ndilo lililobadilika, na asiyelielewa badiliko hilo atatoa fedha zake kwa kiboksi kisichomfaa.

Stata ya umeme ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Mmarekani Charles Kettering aliikamilisha mwaka 1911, na Cadillac za mwaka 1912 zikatoka nayo. Hata hivyo watengenezaji hawakuiamini kikamilifu kwa nusu karne iliyofuata. Land Rover ya mwaka 1948 ilikuwa na stata, na bado ikaachiwa mbele tundu la hendeli ya kuzungushia injini. Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963 na tena mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, nayo iliweza kuwashwa kwa hendeli. Aliyechora magari hayo alikubali tangu mwanzo kwamba betri italala mahali pasipo na fundi, akamwachia binadamu mlango wa kuingiza nguvu zake. Mlango huo ulikuwa na adabu zake. Injini ikirudisha teke huvunja mkono, kwa hiyo utingo alifundishwa kutozungusha kidole gumba kwenye mpini. Alikilaza upande mmoja na vidole vingine, ili hendeli ikirudi imponyoke.

Hendeli ilipopotea, mteremko na mabega ya watu vilibaki, na uhaba wa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukavipa heshima kubwa. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na uingizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa Shirika la Magari la Taifa. Arusha ilikuwa na kiwanda cha matairi, General Tyre. Lakini betri za Yuasa zilitengenezwa Dar es Salaam, na kupata bidhaa kutoka Dar wakati ule lilikuwa jambo la subira. Katika hali hiyo betri iliyochoka haikuwa sababu ya kulisimamisha gari. Injini ya dizeli yenye pampu ya kimakanika inahitaji kuzungushwa tu, ikiwa njia yake ya mafuta iko wazi. Injini ya petroli yenye kabureta inahitaji cheche, na umeme mdogo uliosalia kwenye betri mara nyingi ulitosha. Magurudumu yalizungusha gia, gia ikazungusha injini, basi.

Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa bila kuulizwa fedha hizo zilikotoka, na chini ya Rais Mwinyi mlango ukapanuka. Magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika. Mwanzoni mengi yalikuwa ya gia za mkono, lakini Wajapani wenyewe walikuwa wanahamia gari la otomatiki, na walichonunua wao wakati ule ndicho kilichotufikia sisi miaka kumi hivi baadaye. Hapo ndipo desturi ilipovunjika. Ndani ya gia ya otomatiki, pampu ya hidroliki huendeshwa na injini. Injini ikiwa imezimika hakuna shinikizo la kushika gia, na magurudumu yanaweza kuzunguka kutoka Sanawari hadi Njiro bila injini kujua lolote. Juu ya hilo, pampu ya mafuta ni ya umeme, na kompyuta inayoamuru nozeli haiamki bila volti za kutosha. Toyota IST betri ikilala, vijana kumi wa bodaboda wakija kwa moyo mweupe hawataiwasha. Ndiyo maana nasema hoja ya utu uliopungua haitoshi: nia ya kusaidia ipo, ila haina pa kupenya.

Mwingine atasema tatizo ni baridi ya Meru. Betri ya risasi na asidi hudhoofika kweli kwenye baridi, na kwenye nyuzi 0 hupoteza takriban theluthi ya nguvu ya kuwasha. Lakini usiku wa Julai mjini Arusha hushuka hadi nyuzi 12 hivi. Baridi hiyo huifichua betri ambayo tayari ilishachoka. Haiiui iliyo nzima. Kinachoua zaidi ni umri, safari fupi za kutoka nyumbani hadi sokoni ambazo alteneta haipati muda wa kurudisha chaji, na gari kukaa. Kampuni za utalii zinalijua hili vizuri, kwani masika magari husimama wiki nyingi uani.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la waya za kubusti. Ni rahisi, hazichakai upesi, hazihitaji kuchajiwa. Nakubali, na mwenye jirani mwenye gari hana haraka ya kununua kifaa kingine. Lakini waya zinadai gari la pili lije pua kwa pua, na mwenye gari hilo awe tayari kuhatarisha umeme wake endapo mtu atakosea chanya na hasi. Jampu stata nzuri hugundua kosa hilo na kugoma.

Nzuri ni ipi? Namba kubwa iliyochapwa kwenye kasha ndiyo isiyosema mengi. Kuzungusha injini ndogo kwa sekunde 3, kwa ampea 200 na volti 10, hakuli hata wati-saa 2, wakati kiboksi cha mAh 20,000 zinazopimwa kwa volti 3.7 kina wati-saa 74. Akiba ipo tele. Swali ni kama kinaweza kuitoa kwa kishindo. Kwa hiyo tafuta ampea za kuwashia, zile kinazoweza kuzishikilia kwa sekunde kadhaa, usidanganywe na ampea za kilele zinazodumu kufumba na kufumbua. Angalia unene wa nyaya na vibanio, kwa sababu vya bandia hujifichua hapo. Dizeli kubwa inadai zaidi kuliko petroli ndogo. Lori la volti 24 haliwashwi na kiboksi cha volti 12, na baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani nazo ni za volti 24, kwa hiyo funua boneti uhesabu betri na uone zilivyounganishwa kabla ya kwenda dukani.

Kichekesho ni kwamba gari la mtalii anayelipa dola nyingi, Land Cruiser yenye injini ya 1HZ na gia za mkono, bado lina pampu ya kimakanika na lingeweza kuwashwa kwa mteremko kama Land Rover ya miaka ya 1960. Dereva wake hubeba kiboksi hata hivyo: gari limepita tani 2, wageni wamelipia kukaa, na ndani ya kreta ya Ngorongoro hairuhusiwi kushuka ovyo kwenda kusukuma.