Mfuko wa Udhamini wa Masomo wa Mwalimu Julius Nyerere

Mfuko wa Udhamini wa Masomo wa Mwalimu Julius Nyerere ulianzishwa na Benki Kuu ya Tanzania mwaka 2009, miaka kumi baada ya kifo cha rais huyo wa kwanza wa nchi. Nyerere (1922–1999) alifundisha katika shule ya Pugu kabla ya kujitosa kikamilifu katika siasa mwaka 1955, na mwaka 1967 alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Mfuko hudhamini wanafunzi wa vyuo vikuu wenye ufaulu wa juu. Katika hisabati na sayansi huwalenga wanawake. Katika uchumi, uhasibu, fedha na teknolojia ya habari hupokea wanawake na wanaume.